Uzi: Hindenburg kafutwa kwenye orodha ya raia wa heshima wa Berlin, Robert Koch bado yumo. Kwa kipimo gani?

#1 Mwana_Kiziba
Wakuu, salaam. Jambo hili linaninyima usingizi tangu juzi, nalileta kwenu.

Jiji la Berlin lina orodha ya raia wa heshima tangu 1813. Wa kwanza alikuwa mchungaji, Conrad Gottlieb Ribbeck. Toka hapo wamepita zaidi ya watu 100: majenerali, wachoraji, wanasayansi, wakuu wa nchi. Mwaka 1890 wakampa Robert Koch, aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu. Mwaka 1933 wakampa Rais Hindenburg, pamoja na Hitler. Mwaka 2020 Hindenburg akatolewa. Koch hajaguswa.

Mimi ni mtu wa Kiziba, Bukoba. Kwetu jina la Koch haliishii kwenye kitabu cha baiolojia. Mwaka 1906 na 1907 alikuwa Ziwa Viktoria akitafiti malale. Akapiga kambi visiwa vya Sese, upande wa Uganda, akawadunga wagonjwa dawa iitwayo Atoxyl. Ndani yake kuna aseniki, sumu ile ile ya kuulia panya. Dozi za mwanzo hazikumaliza vijidudu, naye akazipandisha hadi gramu nzima. Wagonjwa zaidi ya 20 walipofuka na hawakuona tena. Alishauri pia wagonjwa wakusanywe kambini, watengwe na wenzao, na baadaye Wajerumani wakafungua kambi za namna hiyo upande wetu.

Dalili ya malale ni tezi za shingoni, kwa hiyo watu walikuwa wanapapaswa shingo. Ukikutwa na tezi, unaondoka nao. Mama yake bibi yangu alikuwa binti mdogo. Alifundishwa na shangazi zake kwamba akisikia msafara unakuja ajitande lubugo, lile vazi letu la gome la mti, mpaka masikioni. Bibi alinionyesha kwa kanga jinsi alivyojitanda. Alikuwa anacheka, halafu akanyamaza.

Naomba wajuzi mniambie. Mmoja anatolewa, mwingine anabaki. Kipimo ni kipi?

#2 Fundi_Saa
Mada nzuri. Ila mkuu, hapo kwa Hindenburg umekosea mwaka. Hao wote walifutwa 1945 vita vilipoisha.

#3 Msomaji_wa_Usiku
Fundi_Saa, hapana. Mleta mada yuko sahihi. Berlin walifuta majina manne mwaka 1948: Hitler, Göring, Goebbels na Frick. Hindenburg hakuguswa kwa sababu hakuwa mwanachama wa chama cha Nazi. Alikuwa jenerali wa vita vya kwanza, kisha rais. Kosa analoshtakiwa ni kwamba tarehe 30 Januari 1933 yeye ndiye aliyemteua Hitler kuwa kansela, halafu akatia saini amri zilizowanyang'anya watu haki zao. Ilichukua zaidi ya miaka 70 toka 1948 mpaka jina lake litoke. Hoja ilikuwa inaletwa, inakataliwa, inarudi tena.

#4 Mpemba_Berlin
Assalaam aleikum jamaa. Mimi naishi huku mwaka wa kumi na moja sasa, wacha niseme ninayoyajua.

Anayetoa heshima hii ni Seneti ya jiji kwa kukubaliana na bunge la jiji. Anayepewa huchorwa picha, na picha hutundikwa katika jengo la bunge hilo. Akifa, jiji hulitunza kaburi lake. Basi. Hakuna pasipoti wala kiwanja.

Sasa yakhe, hoja ya kisheria inayotolewa kila mjadala ukizuka ni hii: uraia wa heshima ni wa mtu binafsi, na mtu akifa na wenyewe umekwisha. Koch alifariki 1910. Huwezi kumvua maiti kofia. Kwa fikra hiyo orodha ni kumbukumbu tu ya waliowahi kupewa. Nadhani ndiyo sababu wengi hawajishughulishi na Koch. Wanaona hakuna cha kuvua.

#5 DaktariMstaafu
Wanangu, nimewasoma wote. Nimefanya kazi wodi za kifua kikuu kwa miaka mingi, hospitali za wilaya. Naomba mnisikilize na upande wangu.

Ukipaka makohozi ya mgonjwa kwenye kioo, ukayatia rangi, ukaweka chini ya hadubini, unaona uwanja wa bluu na ndani yake vijiti vyekundu vyembamba, vimelala viwili viwili au vimekusanyika kama kuni. Kabla ya tarehe 24 Machi 1882 hakuna aliyejua kwamba vile vijiti ndivyo vinavyoua. Watu walisema ni ugonjwa wa ukoo, ni hewa mbaya, ni umaskini. Jioni hiyo, mjini Berlin, Koch aliwaonyesha madaktari wenzake hatua kwa hatua. Kila niliyemtibu akapona, kazi ilianzia pale.

Mwana_Kiziba, habari za Sese ni za kweli, sitazipinga. Ila mkumbuke kwamba wakati ule malale ilikuwa imeshaua watu wengi mno kando ya ziwa, na dawa nyingine hapakuwa nayo. Daktari anayekaa mikono mifukoni watu wakifa naye ana hesabu yake. Sababu ya kubaki kwake mimi naiona nyepesi: waliopona kwa elimu yake hawahesabiki.

#6 Binti_Tanga
Shikamoo daktari. Kwa heshima zote, hapo nakupinga.

Kujaribu dawa si kosa. Kosa ni kwamba wagonjwa hawakuulizwa, dozi ikapandishwa, na macho yakapotea. Je, mgonjwa wa Berlin angewekwa kambini namna ile na kudungwa gramu nzima?

Halafu nyumbani kwetu tunamjua pia. Mwaka 1905 alifanya kazi Amani, kule Usambara. Ni yeye aliyeonyesha kwamba homa ya papasi inaletwa na papasi wenyewe, na kwamba vijidudu vinaingia hadi kwenye mayai ya papasi, wanazaliwa nao tayari. Marehemu babu alikuwa akifika nyumba ya wageni anakagua nyufa za kitanda na taa kabla hajalala. Kwa hiyo mimi simchukii Koch. Nasema mtu mmoja anaweza kufanya mema ya kweli na mabaya ya kweli, na orodha ya Berlin ina nafasi ya upande mmoja tu.

#7 DaktariMstaafu
Marahaba binti. Swali lako la mgonjwa wa Berlin lina jibu, nalo ni chungu. Wagonjwa wa Berlin nao aliwadunga. Nitarudi, umeme unasumbua hapa.

#8 Kisima_Kirefu
Daktari akirudi ataeleza vizuri zaidi, lakini nadhani najua anakoelekea, na ndiko ilikolala hoja yangu.

Tazameni mwaka aliopewa: Novemba 1890. Mwezi huo Berlin nzima ilikuwa imeshikwa na habari kwamba Koch amepata dawa ya kuponya kifua kikuu, tubakulini. Wagonjwa walimiminika mjini kwa treni. Jiji likampa uraia wa heshima katika joto hilo. Miezi michache baadaye ikadhihirika kwamba haiponyi, na wengine ilikuwa inawazidishia.

Kwa hiyo maelezo yangu kwa mleta mada yanatofautiana na ya Mpemba_Berlin. Tofauti ya Hindenburg na Koch ni namna heshima ilivyotolewa. Mwaka 1933 baraza la jiji lilikuwa limeshabanwa na Wanazi, Hindenburg akapewa kwenye kikao kimoja na Hitler. Mwaka 1890 baraza lilikuwa halali na lilipiga kura yake lenyewe. Likifuta la 1933, jiji linasema kikao kile hakikuwa chetu. Likifuta la 1890, litakuwa linasema sisi wenyewe tulikosea. Hilo ni zito zaidi kulitamka.

#9 Nyuki_Mweusi
Kisima umegonga penyewe.

Ila mbona mnamsahau Virchow? Rudolf Virchow naye ni raia wa heshima wa Berlin na ndiye aliyepeleka mafuvu ya babu zetu kule, ya Wachaga na ya Wanyarwanda. Huyo ndiye angetangulia kufutwa.

#10 Msomaji_wa_Usiku
Nyuki_Mweusi, tuwe waangalifu hapo, maana jambo lenyewe ni zito. Virchow alikusanya mafuvu, ni kweli, alikuwa na mkusanyiko wake mkubwa. Lakini ule wa Afrika Mashariki uliotajwa sana miaka hii, mafuvu zaidi ya 1,100, ni wa Felix von Luschan wa makumbusho ya jiji hilo. Mengi ni ya Rwanda, yapata 900, na ya Tanzania ni kama 200. Ya Rwanda sehemu kubwa yalichukuliwa 1907 na 1908. Virchow alishafariki 1902.

Na Virchow ana jambo lake ambalo Berlin hawalisahau. Alikaa kwenye baraza la jiji miaka mingi akipigania mifereji ya maji machafu, ile aliyoichora mhandisi Hobrecht. Kabla ya hapo uchafu ulikuwa unapita barabarani.

#11 Nyuki_Mweusi
Nashukuru kwa kunisahihisha. Nilichanganya majina. Uchungu haujachanganyika lakini.

#12 Mangi_Mdogo
Nimeingia kwa sababu ya post namba 9 na 10. Mimi ni wa Old Moshi.

Mangi Meli alinyongwa Machi 1900, na pamoja naye wengine. Miaka yote wazee walisema vichwa vilikwenda Ujerumani, na kuna walioona ni hadithi za pombe. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba vikaonyesha kwamba mafuvu matatu kule Berlin yana ndugu zao walio hai Tanzania. Moja ni la Akida, mshauri wa Meli. La Meli mwenyewe bado halijapatikana.

Ninyi mnajadili nani afutwe kwenye orodha. Sisi tunatafuta aliyeandikwa namba kwenye paji la uso. Sisemi mada ni mbaya. Nasema tu, ukisikia "jiji linalitunza kaburi lake" (namba 4), kwetu hilo linaingia kwa namna nyingine.

#13 Mpemba_Berlin
Mangi_Mdogo, pole ndugu yangu. Nimekusoma mara mbili.

#14 DaktariMstaafu
Umeme umerudi. Kisima amenisemea karibu yote. Niongeze mawili.

Kwanza, tubakulini Koch alificha imetengenezwa na nini, mpaka Januari 1891 alipotoboa kwamba ni dondoo la vijidudu vyenyewe katika gliserini. Na aliyewaumbua wenye matumaini alikuwa Virchow huyu huyu mnayemtaja. Alipasua maiti za waliodungwa, akaonyesha kwamba dawa imevitawanya vijidudu mwilini badala ya kuviua. Jiji likampa naye uraia wa heshima mwaka huo huo wa 1891, alipotimiza miaka 70. Mahasimu wawili, orodha moja, mwaka mmoja kati yao.

Pili, tubakulini haikutupwa. Kile kipimo cha ngozi, unadungwa kwenye mkono, unarudi baada ya siku mbili au tatu tunapima uvimbe kwa rula, ni mtoto wa dawa ile iliyoshindwa.

#15 Mwana_wa_Winam
Niaje watu wa Tanzania. Mkenya hapa, kando ya ziwa upande wa pili.

Mimi naona hamjasema kitu kikubwa: nani yuko pale wa kulalamika? Wale walioumizwa na yaliyofuata baada ya Hindenburg kumteua Hitler wana watoto na wajukuu ndani ya Berlin, na wengine walirudi wenyewe. Mchukue Margot Friedländer. Alizaliwa Berlin 1921, akapelekwa kambi ya Wanazi ya Theresienstadt, akaishi New York miaka mingi, akarudi Berlin akiwa na miaka 88 akaanza kuzunguka shuleni akiwaambia watoto muwe binadamu. Wakampa uraia wa heshima 2018. Miaka miwili baadaye Hindenburg akatoka. Utawezaje kuwaweka wawili hao kwenye ukuta mmoja, huku mama yuko hai? Alifariki Mei 2025, akiwa na miaka 103.

Sese ina nani pale Berlin? Hiyo ndiyo sababu, mimi sioni nyingine.

#16 Mpemba_Berlin
Mwana_wa_Winam, lako lina uzito, ila si kweli kwamba hatuna sauti kabisa. Mtaa wa Wissmann, yule gavana wa Kijerumani wa Afrika Mashariki, hapa Neukölln tangu 2021 unaitwa Lucy Lameck, mama yetu yule wa Moshi aliyekuwa naibu waziri. Huku desturi wakibadilisha jina wanakiacha kibao cha zamani kwa miezi kadhaa, kimepigwa mstari mwekundu, na kipya juu yake. Nilimpeleka binti yangu akaona. Akaniuliza, baba, huyu aliyekatwa kafanya nini? Nikamweleza tukisimama pale pale, baridi inatukata. Halafu 2024 barabara ya Petersallee, iliyotokana na Karl Peters, mkoloni wa Kijerumani kwetu, kipande kimoja kikaitwa Maji-Maji-Allee. Watu weusi wa hapa walipigania mambo haya miaka na miaka.

Kwa hiyo mitaa inasogea. Orodha ya raia wa heshima haijasogezwa. Pengine kwa sababu mtaa unapita kila siku, orodha huioni.

#17 Fundi_Saa
Habari za Wissmann zimenikumbusha Dar. Pale ilipo Sanamu ya Askari, Posta, ndipo ilipokuwa sanamu ya Wissmann. Waingereza wakaiondoa, askari akasimamishwa 1927. Ya Wissmann ikaenda Hamburg, ikawekwa chuo kikuu, wanafunzi wakaiangusha 1967 na tena 1968. Marehemu baba alikuwa na kibanda cha saa karibu na pale, ndiyo maana najua.

Swali langu sasa: Hitler kumbe uraia wa Ujerumani aliupata kwa njia hii ya heshima? Maana alizaliwa Austria.

#18 Kisima_Kirefu
Hapana, Fundi. Hivyo ni vitu viwili. Aliukana uraia wa Austria 1925, akakaa bila nchi hadi Februari 1932, jimbo la Braunschweig lilipompa cheo cha serikali. Kwa cheo hicho akawa Mjerumani, akagombea urais dhidi ya Hindenburg huyu huyu. Miji iliyompa uraia wa heshima ilikuwa mingi mno, ila uraia wa heshima haukufanyi raia.

#19 Msomaji_wa_Usiku
Niongeze kisa kinachovuruga hoja zote mlizotoa, yangu ikiwemo.

Jenerali Nikolai Berzarin, Mrusi, kamanda wa kwanza wa Kisovieti wa Berlin 1945. Alihangaika kuwapatia wenyeji chakula na maji, mji ukiwa kifusi. Akafa kwa ajali ya pikipiki Juni mwaka huo huo. Berlin Mashariki wakampa uraia wa heshima 1975. Miji ilipoungana, orodha mbili zikaunganishwa 1992, na yeye akaachwa, kwa madai kwamba mwaka 1940 alihusika kuwahamisha watu wa Baltiki kwa nguvu. Baadaye ikabainika kwamba mwaka huo alikuwa Mashariki ya Mbali ya Urusi, maelfu ya kilomita kutoka huko. Akarudishwa 2003.

Sigmund Jähn, Mjerumani wa kwanza kwenda anga za juu, 1978, naye aliachwa 1992. Hakurudishwa. Mwaka huo huo wa 1992 Reagan, Gorbachev na Kohl wakapewa. Mtu akisema kipimo ni sheria, au ni namna ya kupewa, anieleze Jähn alikosa nini.

#20 Binti_Tanga
Na wanawake je? Nimetafuta majina hapo. Wa kwanza ni Louise Schroeder, mwaka 1957, aliyeushika umeya wa Berlin baada ya vita. Toka 1813! Miaka 144.

Halafu Mpemba_Berlin, ile hoja ya namba 4 imevunjika. Marlene Dietrich alifariki 1992, wakampa uraia wa heshima 2002. Alikuwa marehemu miaka kumi. Kama maiti anaweza kuvishwa kofia, anaweza kuvuliwa.

#21 Mpemba_Berlin
Hapo umenikamata barabara, bibie. Sina la kujibu.

#22 Mwana_Kiziba
Asanteni wote. Nimesoma kila post, zingine nimemsomea mama kwa sauti.

Mama yangu aliugua kifua kikuu 1994. Miezi minane ya dawa, miwili ya kwanza sindano kila siku, nikimpeleka zahanati kwa baiskeli. Amekaa hapa sebuleni anachambua maharage. Nilipomweleza kwamba nauliza kwa nini Koch asifutwe, aliweka ungo chini akasema, "Mwanangu, mimi nipo." Kisha nikamkumbusha habari za mama yake bibi na lubugo. Akasema, "Na huyo naye alikuwepo."

Sijui nifanye nini na maneno hayo mawili.

#23 Nyuki_Mweusi
Mimi bado nasema atolewe. Sayansi yake ibaki vitabuni, heshima itoke. Vipofu wa Sese hawakupewa hata dondoo chini ya ukurasa.

#24 DaktariMstaafu
Nami bado nasema abaki, na Sese iandikwe pembeni ya jina lake kwa herufi zile zile. Nyuki, hapo hatutakubaliana leo.

#25 Mangi_Mdogo
Iandikwe na nani, daktari? Ndiyo swali langu.

#26 Mpemba_Berlin
Majivu ya Koch yako ndani ya taasisi yenye jina lake hapa Berlin, kwenye chumba walichomjengea, na pana makumbusho ndogo. Sijawahi kwenda. Jumanne niko mapumziko, nitakwenda na binti yangu. Nikikuta daftari la wageni nitaandika kwa Kiswahili. Mwana_Kiziba, mama yake bibi yako alikuwa anaitwa nani?

#27 Mwana_Kiziba
Nimekutumia faraghani, pamoja na jina la ukoo. Mama anasema uandike na kijiji.